Kufagia Chini ya Barua

Jumatatu, 2 Septemba

Nimefagia chini ya mikorosho tisa. Mgongo unalia, lakini mgongo huu ulianza kulia nikiwa na mimba ya Dadi, na Dadi sasa ana mvi. Bomba kavu.

Daftari hili aliliacha mjukuu wangu alipomaliza darasa la saba. Kurasa zimebaki nyingi, nami sipendi kitu kikae bure. Shule sikwenda. Baba alisema mtoto wa kike akijua kuandika atawaandikia wanaume barua. Sikumwandikia hata mmoja, na walikuja hivyo hivyo. Herufi nilifundishwa na Ethel, Mama Marko, jirani yangu, mwaka niliofiwa na mume. Nilikuwa na miaka hamsini na tatu. Alichora kwa mkaa kwenye sakafu ya jiko lake, herufi moja kila siku baada ya kuosha vyombo, na nilipogeuza S alinigonga vidole kwa mwiko. Kwa hiyo anayesoma humu akaona kosa, akamwambie Ethel.

Naandika kwa sababu ya bomba. Watu wa mradi wa maji walituletea bomba hapa kitongojini, njia ya Kitangari, mwaka juzi. Walisema: likikauka wekeni kumbukumbu ya siku, halafu mtuandikie. Mimi niko kwenye kamati. Siku naziweka.

Jumanne, 3 Septemba

Kavu.

Alhamisi, 5 Septemba

Maji! Yalitoka asubuhi mpaka chai ya saa nne. Ndoo tatu kila nyumba. Tulicheka kama watu wa harusi. Saa nne na nusu bomba likakohoa, likanyamaza.

Ijumaa, 6 Septemba

Kavu.

Jumanne, 10 Septemba

Kavu. Tumeshuka bondeni. Mgeni akisikia "kushuka" huona ni neno dogo. Aje. Kwenda ni magoti, kurudi ni mapafu, na dumu kichwani halijui kama wewe ni bibi. Ethel naye anashuka, na nyonga yake ile mbovu. Nikamwambia akae nyumbani nimletee. Akasema, "Mwanasha, nitakaa nyumbani siku wakinifunika." Ana mdomo yule. Alijifunza kwangu, kama mimi nilivyojifunza kwake herufi.

Ijumaa, 13 Septemba

Kavu.

Leo nilikwenda kutazama barua ikiandikwa. Katibu wa kamati ni mume wa Ethel, Cuthbert, Baba Marko. Alikuwa karani wa ghala miaka mingi, hati yake ya mkono ni ya kuning'iniza ukutani. Lakini mradi hautaki barua ya mkono tena, unataka barua pepe, na ndiyo maana kila kamati ilipewa laptopu. Yetu inalala mezani kwa Cuthbert, imefunikwa kitambaa alichofuma Ethel, kama bibi harusi.

"Hodi, Baba Marko."

"Karibu, Mama Dadi. Lakini usiguse."

"Sijafika hata mezani."

"Nakuambia mapema."

Akaifunua, akaiwasha, akafungua dirisha la kuandikia. Nikasogeza kiti. Juu, mstari wa vitufe. Chini yake mstari mwingine. Chini yake mwingine tena. Vitufe kama upele! Vyenye picha ya mkasi, ya kufuli, ya kikombe sijui cha nini, ya A kubwa, ya A ndogo, ya A iliyolala. Na pembeni vingine vimeshuka kama mchwa. Pa kuandikia pamebaki kama kiraka cha goti.

"Hivi vyote vya nini?"

"Vya kuandikia."

"Wewe unatumia vingapi?"

Akakohoa. "Kila kimoja kina kazi yake."

"Sijauliza kazi yao. Nimeuliza yako."

Akaandika TAARIFA YA BOMBA. Akaiweka rangi nyekundu. Akaipigia mstari. Ikawa kubwa ikajaza dirisha, ikawa ndogo kama chawa, halafu sijui aligonga wapi, akatokea mwanasesere wa manjano anacheka. Akamfuta, wakawa wawili. Barua ya watu wenye kiu, ina vichwa viwili vinacheka! Ethel alikuwa mlangoni na ungo, alicheka hadi mchele ukamwagika.

"Viondoe hivyo vitufe," nikasema.

"Haviondoki. Mali ya mradi."

"Mkorosho ni mali ya Mungu, na chini yake nafyeka."

"Mama Dadi, hili si shamba."

"Shamba hili. Naona magugu."

Akamaliza barua, jasho limemtoka kwapani. Akapeleka mshale kwenye kitufe chenye picha ya saa, akabonyeza. Barua ikatoweka. "Imekwenda," akasema, akaegemea kiti. Nikafikiri: saa? Barua inakwendaje kwa saa? Lakini huyu ni karani, nami ni nani. Nikala ming'oko ya porini aliyochemsha Ethel, nikarudi kwangu.

Jumapili, 22 Septemba

Kavu. Korosho zimeanza kudondoka. Chini ya mikorosho yangu peupe, unaziona toka mbali. Kwa Silvano hapo jirani nyasi zimefika magotini, wanatafuta kwa miguu kama vipofu. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Shikamoo, bibi, hata salamu?" Nikasema, "Marahaba, fyeka."

Jumanne, 1 Oktoba

Kavu. Siku ishirini na sita mfululizo.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kavu. Na leo kuna tangazo.

Limebandikwa ukutani kwenye ofisi ya kitongoji. Nilisoma mwenyewe, mara tatu, kidole chini ya kila neno, watu nyuma yangu wanasema, "Bibi, soma basi kwa sauti." Nikasoma kwa sauti. Mabomba ambayo kamati zake hazijaleta taarifa tangu Juni yatafungwa tarehe 30 Novemba, na maji yake yatapelekwa kwingine. Chini kuna orodha. Sisi ni wa tatu.

Nikaenda kwa Cuthbert mbio, kama mbio zangu ni mbio.

"Unaandika au huandiki?"

"Kila Ijumaa! Umeniona kwa macho yako."

"Basi mbona wanasema hatuandiki?"

"Waongo," akasema. "Hawatutaki tu."

Nikamwamini. Nikautukana mradi kuanzia mlangoni kwake mpaka mlangoni kwangu, na njiani nikaongeza wengine wasiohusika.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo sina haraka ya kuandika, mkono unagoma.

Tulishuka wanne: mimi, Ethel, Naima mke wa Dadi, na Anastasia wa nyumba ya pili. Tulijaza. Kurudi, pale kwenye kona yenye mawe, Ethel alikuwa mbele yangu. Nilikuwa namchokoza kuhusu vile vichwa vya manjano. Alikuwa anacheka. Mguu mmoja ukakosa jiwe.

Sikusikia yeye akianguka, nilisikia dumu. Lilipasuka. Maji yalishuka mteremko wote yakipita katikati ya miguu yetu, nasi tumesimama tunayatazama, Mungu anisamehe, kabla ya kumtazama yeye.

Alikuwa amekaa kama mtoto, mguu umegeuka upande. Hakulia. Akasema, "Mwanasha, maji yote yamekwenda." Nikamwambia, "Nyamaza wewe." Akasema, "Dumu ni la Marko." Nikamwambia, "Nitamchapa Marko na hilo dumu." Tulimpandisha kwa kanga mbili tulizozifunga kama machela, tunapumzika kila hatua ishirini. Wanaume walikutana nasi karibu na juu. Cuthbert alikuwa wa kwanza. Alivua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia.

Hospitali wamemfunga plasta mpaka pajani. Miezi miwili, wakasema, na kushuka bondeni basi.

Nimemkumbuka akichora S sakafuni. Nnungu wangu, Mungu wa bara na wa huku, nisikilize vizuri: bomba hili halifungwi. Sisemi tafadhali.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kavu. Nimekwenda Newala kwenye ofisi ya mradi. Nilikwenda kugombana, nilijiandaa njia nzima juu ya bodaboda.

Nikamkuta binti mmoja, Yasinta. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kati yenu anachana barua zetu?"

Hakukasirika. Alinipa kiti, akanipa maji ya kunywa (ofisini yapo), akageuza kompyuta yake nione. Akatafuta jina la kitongoji chetu. Akanionyesha barua za wenzetu wa kitongoji cha pili, zimepangwa, zina tarehe. Sisi: hapana kitu. Hata moja.

"Labda mmezila," nikasema, lakini sauti ilikuwa imeshapungua.

"Bibi, hakuna iliyofika. Mkileta kabla ya mwezi kuisha, zenye siku zote bomba lilipokauka, nitazifikisha mimi mwenyewe kwa mkuu. Bila barua siwezi kumtetea mtu."

Nilikuwa na matusi saba yamebaki mdomoni. Nikayameza. Si yake.

Jumanne, 15 Oktoba

Kavu.

Nilimkuta Cuthbert anamlisha Ethel uji. Nikangoja mpaka amalize, maana mimi si mnyama. Halafu nikasema, "Baba Marko, washa mashine. Tuma barua mbele yangu, polepole."

Akawasha. Akaandika neno moja. Mshale ukaenda kwenye saa.

"Simama hapo. Kwa nini saa?"

"Ndivyo inavyotumwa."

"Ethel, kuna neno lolote karibu na hiyo saa?" Tulimsogezea laptopu kitandani. Ethel alisoma mpaka darasa la nne misheni. Akaweka miwani. Mshale ukikaa juu ya kitufe, maneno madogo yanajitokeza.

"Tuma Baadaye," akasoma.

"Na kuna kingine cha kutuma?"

Akatafuta. Alitafuta muda mrefu, katikati ya mkasi na kufuli na A zile. Kipo, kidogo, mwisho wa mstari wa kwanza. "Tuma."

Hapo Cuthbert akakaa chini, sakafuni. Ethel akaendelea kusoma pembeni, mahali palipoandikwa Zinazosubiri. Akabonyeza. Zikashuka. Barua zake zote, tangu Juni, kila Ijumaa, nyekundu, zimepigiwa mstari. Kumi na nane. Zimekaa humo ndani ya mashine, juu ya meza, chini ya kitambaa, hazijatoka hata mlangoni.

Nilimwambia maneno. Nilimwambia mke wako amevunjika mguu kwa kiburi chako. Nilimwambia karani gani asiyejua barua imetoka au haijatoka. Ethel alisema, "Mwanasha, nenda nyumbani." Hajawahi kuniambia hivyo tangu tujuane.

Jumatano, 16 Oktoba

Kavu. Nimeokota korosho gunia zima bila kusema na mtu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Ethel aliniita. Cuthbert alikuwa ameketi nje, nyuma ya nyumba, anatengeneza mpini wa jembe ambao ulikuwa mzima.

"Muulize vizuri," Ethel akasema.

Nikaketi chini karibu naye. "Baba Marko, nani alikuambia saa?"

"Yule kijana wa mradi aliyeleta laptopu. Alisema huku juu mtandao unasumbua, ukisumbua nibonyeze saa, barua itasubiri. Basi nikabonyeza saa."

"Na baada ya kusubiri?"

"Alisema kitu. Alikuwa anasema haraka, ameshapanda pikipiki. Nami..." Akageuza mpini. "Watu walikuwa wamesimama. Mimi ni karani, Mama Dadi. Nitamuuliza mtoto mara mbili mbele ya watu?"

Nimefikiri sana juu ya hilo leo. Mimi sijasoma, kwa hiyo nauliza mpaka nichokwe, hakuna anayeshangaa. Yeye amesoma, na kusoma kwake kumemfunga mdomo. Miezi minne alikuwa anapigana na vitufe vile peke yake, anatoka jasho, na nje anavaa kofia. Nilikuwa namwona mtu mwenye majivuno. Alikuwa mtu mwenye hofu.

Nikamwambia, "Njoo ndani. Tunafagia."

Ijumaa, 18 Oktoba

Kavu bomba, lakini mimi nimelowa kwa kicheko.

Tulifanya kazi kitandani kwa Ethel, plasta yake imekuwa meza. Ukibonyeza kulia kwa mausi juu ya mistari ya vitufe inashuka orodha, kila mstari una alama ya vema. Ukiondoa vema, mstari wote unaondoka. Na chini kabisa kuna neno: Rekebisha. Ukiingia humo, unashika kitufe kimoja kimoja unakivuta nje, kama kung'oa gugu.

"Mali ya mradi," Cuthbert akasema, bado.

"Mama Marko, kuna kurudisha?"

Ethel akasoma. "Kupo. Rejesha Kama Mwanzo."

"Umesikia? Nyasi zikitakiwa zitaota. Vuta!"

Mstari wa tatu uliondoka wote. Dirisha likapumua. Wa pili, ule wa rangi na vichwa vya manjano, Cuthbert alishika mkono wangu. "Niachie nyekundu tu. Kichwa cha habari kinataka nyekundu."

"Wanaosoma wanataka siku bomba lilipokauka. Nyekundu wataona nyanyani."

Akacheka. Kidogo, lakini akacheka. Tukauondoa. Mkasi, nje. Kufuli, nje. Kikombe, nje, na hatujui mpaka leo kilikuwa cha nini. Ethel aliuliza, "Saa?" Nikasema, "Hiyo avute mwenyewe." Cuthbert akaishika, akaivuta mpaka nje ya mstari, ikapotea.

Vilibaki viwili: Tuma, na kile cha kuambatisha picha. Chini yake peupe kama uwanja uliofagiwa siku ya unyago. Nikasema, sasa korosho ikianguka tutaiona.

Jumamosi, 19 Oktoba

Niliwasomea daftari hili, Cuthbert akachapa. Tarehe na neno, basi. 2 Septemba, kavu. 3 Septemba, kavu. Hakuna "kwa heshima na taadhima". Alitaka kuiweka, nikamwambia heshima ya bomba ni maji. Mwisho tukaandika: Tarehe 12 Oktoba Ethel, mke wa katibu, alivunjika mguu akitoka kuchota maji bondeni. Tukaambatisha picha ya plasta.

Akabonyeza Tuma. Mashine ikakataa. Mtandao hakuna.

Zamani angebonyeza saa, akasema imekwenda, akafunika. Leo saa hakuna. Barua ilikuwa wazi mbele yetu inatukodolea macho, haina pa kujificha. Cuthbert akasimama, akaichukua laptopu ikiwa wazi hivyo hivyo, mikononi kama sinia la pilau, akatoka. Nikamfuata. Tulipita kwa Silvano, tukapita dukani, watu wanauliza mnapeleka wapi, akajibu, "Tunatafuta mtandao!" kwa sauti kubwa, yeye aliyeona haya kuuliza mara mbili. Juu karibu na mnara akabonyeza. Ikakataa. Hatua kumi. Akabonyeza. Ikaenda. Tuliona neno: Imetumwa.

Halafu akasema, "Na zile kumi na nane."

"Zifute," nikasema. "Sisi tunajua, inatosha." Nilitaka kumfichia.

"Hapana, Mama Dadi. Zina tarehe. Ziende. Waone nilikosa mimi, si kitongoji."

Akaandika juu yake mstari mmoja, mwenyewe: Hizi nilizichelewesha kwa kutojua, msiwaadhibu wengine. Akazitoa, moja baada ya nyingine, jua kali kichwani bila kofia. Nilimtolea kanga yangu ya mabegani, nikamfunika kichwa. Alikataa. Nikamwambia, "Nyamaza, umefanana na bibi harusi."

Jumanne, 22 Oktoba

Kavu. Imetumwa.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kavu. Imetumwa. Yasinta amejibu: Zimefika zote.

Jumatatu, 4 Novemba

Maji kwa saa mbili. Imetumwa.

Jumatano, 13 Novemba

Kavu. Imetumwa. Silvano amefyeka.

Jumamosi, 30 Novemba

Nilikaa kwenye bomba tangu alfajiri, na kigoda na mwiko. Naima akaniuliza mwiko wa nini. Nikasema wa kufundishia. Hakuja mtu wa kufunga. Wingu limekuja, limeondoka.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua ya kwanza jana. Na leo amekuja mtu wa mradi, Jafari, na fundi. Ameleta barua yetu imechapwa, tarehe zangu zote zimepigiwa mstari kwa kalamu. Bomba letu halifungwi. Fundi ametoa valvu iliyooza, ameweka mpya. Maji yalitoka kahawia, yakatoka meupe, yakaendelea. Ethel alikuwa ameketi kwenye kiti tulichombebea, mguu mbele. Nikajaza dumu jipya la Marko, nikamwekea miguuni. Mdomo wote ule, hakusema.

Halafu Jafari akataka kuona laptopu.

"Bibi, vitufe viko wapi?"

"Tumefagia."

"Samahani, bibi, lakini kuna mpangilio wa mradi. Lazima mashine zote zifanane." Akaingia pale Rekebisha, akarejesha kama mwanzo. Upele wote ukarudi, mkasi, kufuli, kikombe, A iliyolala, vichwa vya manjano. "Hivi ndivyo inavyotakiwa," akasema kwa adabu, akanywa chai, akaaga.

Nikaangalia mikono yangu. Nilikuwa tayari. Lakini Cuthbert alikuwa ameshavuta kiti. Pikipiki ya Jafari bado inasikika njiani, yeye amevua kofia, ameiweka juu ya kile kitambaa, ameshika mausi.

"Mama Dadi," akasema, "nisomee ya leo."

Akaanza kwa kuing'oa saa.